Sindano Zilizolala Jivuni

Mbinzo wa kwanza, wale viwavi wa kuliwa, walipotokea sokoni, weusi, wanene, wakijipindapinda ndani ya mabeseni ya akina mama wa Yanonge, Sefu alijua kwamba wageni wake wako njiani. Kabla ya Ijumaa nyingine wangeanza kuingia karakanani mmoja mmoja, bunduki begani, wakikohoa mlangoni kama watu waliotumwa kuposa. Hawakuja kutengenezewa bunduki. Walikuja kuzilaza.

Sefu alikuwa fundi wa bunduki katika mtaa wa Kisangani, Mwislamu wa zile koo zilizofika na misafara ya biashara enzi za mababu na hazikurudi zilikotoka. Baba yake alimwachia fuawe, viriba viwili vya ngozi vya kuvuvia moto na kikohozi cha makaa. Alikuwa mtu mfupi, mchache wa maneno, mwenye mikono mikubwa ambayo mkewe Madina alisema Mungu aliikusudia kwa mtu mwingine. Lakini mikono hiyohiyo ndiyo iliyochonga zile sindano.

Ndani ya kila bunduki ya kuwindia kuna kijichuma kidogo kama msumari usio na kichwa. Ukivuta kifyatulio, hicho ndicho kinachogonga nyuma ya kartushi na kuwasha baruti. Wawindaji wanakiita sindano. Bunduki yenye sindano inaua tembo. Bunduki isiyo na sindano ni mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, tena mchi mbaya.

Wakati wa Wabelgiji, msitu ulikuwa na sheria, na sheria ilikuwa na rangi. Mzungu aliyelipia kibali aliangusha tembo, akapigwa picha mguu wake ukiwa juu ya kichwa cha mnyama, akaitwa mwindaji. Mtu wa Opala aliyeua mboloko, yule swala mdogo asiyeshibisha hata nyumba moja, aliitwa mwizi, na kiboko kilimfundisha tofauti. Wazungu waliita jambo hilo ulinzi wa wanyama. Basi uhuru ulipofika, nani angetaka kulisikia tena neno ulinzi? Watu waliingia msituni kwa furaha ileile waliyoingia nayo katika ofisi za wakubwa. Uhuru ulinukia baruti na nyama ya moshi. Halafu msitu ukanyamaza.

Aliyeusikia ukinyamaza kabla ya wote alikuwa Célestin, mwindaji wa ukoo wa wawindaji kutoka Opala, kwenye mto Lomami. Alikuwa rafiki wa Sefu tangu ujana wao, na utani wao ulikuwa wa zamani kama urafiki. Célestin hakuchoka kumcheka Sefu kwa kukataa nguruwe wa pori na kula mbinzo.

“Mungu yako iko na mambo,” alikuwa akisema. “Nyama ya miguu nne anakatala. Ya miguu mingi anafumba macho.”

Siku moja, mwaka wa pili wa uhuru, Célestin alikuja bila nyama na bila utani. Aliketi kwenye kigoda, akasema kwamba ametembea msituni mpaka mahali ambapo baba yake hakuwahi kufika, na hakukuta hata kinyesi. Akaeleza jinsi wazee wake walivyofanya. Msimu wa mbinzo ulipoingia, kila mtu alianika nyavu zake mbele ya nyumba, mahali pa kuonekana na wote. Msitu ulikuwa umekwisha kuwapa watu kitoweo juu ya miti. Kuutaka na wanyama wake, tena majike yenye mimba, ulikuwa ulafi, na mlafi alichekwa na watoto. Nyavu zilibaki kwenye mti mpaka mbinzo wa mwisho. Lakini bunduki, alisema Célestin, huwezi kuianika. Unaitundika ukutani mchana, na giza likiingia inatoka yenyewe.

Sefu alifikiri akiwa anapiga tupa. Kisha akaichukua bunduki ya rafiki yake, akaifungua, akaitoa sindano, akaweka mahali pake kijiti cha mchikichi ili vumbi lisiingie. Sindano akaifunga ndani ya kitambaa pamoja na nywele ya mkia wa fungo, iwe alama ya Célestin. Akaitia katika kopo la bati.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hakuna serikali iliyoagiza, hakuna mtaalamu aliyekuja na miwani. Mwaka uliofuata walikuja wawindaji wengine, halafu wengine, kila mmoja na alama yake: ushanga, unyoya, kipande cha gamba la kakakuona. Wakapatana mambo mawili. La kwanza, sindano hairudi kabla mbinzo hawajaisha sokoni, na inarudi katika mkono wa mwenye bunduki tu. La pili, siku ya kuirudisha, Sefu ataidondosha juu ya fuawe mbele ya mwenyewe. Chuma kilicho kigumu sawasawa hulia kwa sauti nyembamba, safi. Kilichoharibika hutoa mlio mzito, kama tone la matope. Mwenye bunduki akiridhika husema, “Imeamuka.” Neno lake likishatoka, hakuna mwingine wa kulirudia wala kulipinga, maana yeye ndiye atakayesimama mbele ya mnyama.

Ile miaka miwili msitu ulianza kukohoa tena. Célestin alileta habari za nyayo za tembo kwenye uwanda wa matope ya chumvi karibu na Lomami, tembo jike na watoto, mahali palipokuwa patupu. Alizieleza nyayo hizo kama mtu anayesimulia harusi.

Mwaka wa 1964, mbinzo na waasi walifika pamoja.

Waasi hao, waliojiita Simba, waliingia mjini mwanzoni mwa mwezi wa nane, matawi ya miti vichwani, vipande vya ngozi za wanyama kwenye paji la uso, wengi wao wakiwa na mikuki tu, na askari wa serikali wenye bunduki za kisasa wakawakimbia. Watu wengi walishangilia, na hawakuwa wapumbavu. Miaka minne ya uhuru ilikuwa imewapa wakubwa wapya wenye matumbo ya wakubwa wa zamani. Sefu naye alisimama mlangoni akapunga mkono. Siku chache baadaye alisikia habari za watu waliouawa hadharani, walimu, makarani, mtu aliyevaa tai tu, na mkono ule akaurudisha mfukoni.

Halafu ikatoka amri kwamba kila bunduki ya kuwindia, mjini na vijijini, ipelekwe kambi yao ya Kapalata. Zilipelekwa. Zilipofika, mpiganaji mmoja akajaribu moja, kisha nyingine, na nyingine. Zote zilisema ta, kama mtu anayelamba midomo. Ndani ya kila moja kulikuwa na kijiti cha mchikichi.

Lambert alikuja asubuhi iliyofuata, pamoja na wapiganaji wake wawili. Alikuwa mtoto wa Célestin, aliyeondoka Opala kabla ndevu hazijaota, akawa motoboy, utingo wa malori, na sasa alikuwa mkuu wa chakula pale Kapalata. Kwenye paji la uso alifunga ukanda wa ngozi ya fungo. Alivua viatu mlangoni, kama alivyofundishwa utotoni kufanya katika nyumba hiyo, na jambo hilo lilimwogofya Sefu kuliko mikuki.

“Jambo, tonton Sefu,” alisema, akimwita mjomba kama zamani.

“Jambo, mutoto yangu. Papa yako iko muzima?”

“Iko. Iko Kapalata. Tulimuleta pamoja na bunduki yake.”

Aliketi kwenye kigoda cha baba yake na kueleza kwa upole. Bunduki za jeshi zote zimekwenda vitani. Kambi za nyuma zimeambiwa zijilishe zenyewe. Kule Lomami kuna uwanda ambapo tembo hushuka kunywa matope ya chumvi, kundi zima, na yeye anaujua kwa sababu baba yake aliusifu mno. Nyama italisha kambi. Pembe zitavuka mpaka na kurudi zikiwa kartushi. Msitu ni wa watu, alisema, na mapinduzi ndiyo watu. Sefu alisikiliza, akakumbuka kwamba Mbelgiji naye alikuwa na sentensi yake nzuri ya namna hiyo, na kwamba mwisho wa kila sentensi alikuwa tembo amelala chini.

“Mbinzo bado iko sokoni,” akasema.

Mmoja wa wapiganaji akacheka. “Sikia huyu. Siye tuko mu vita, yeye anafwata kalenda ya vidudu.” Akauinua mkuki mpaka ncha yake ikagusa shingo ya Sefu, chini kidogo ya sikio. Lambert alimwambia aushushe. Aliwaeleza wenzake kwamba kila sindano ilichongwa kwa bunduki yake. Ukitia ya bunduki nyingine, baruti itakurudia usoni, na huyu mzee peke yake ndiye anayejua ipi ni ya ipi.

“Sindano inaingia mu mukono ya mwenye bunduki,” Sefu alisema. “Ndivyo tulipatana na papa yako.”

“Bon. Nitamuleta mwenyewe, kesho, kisha sala yenu ya saa saba. Yeye atasikiliza sindano yake na ya bale bengine. Alors, tonton,” na hapo alisimama, akavaa viatu vyake taratibu, “kesho nikikosa sindano, usiniite tena mutoto yako.”

Walipoondoka, Madina alitoka nyuma ya pazia na kopo mkononi. Hakupoteza maneno. Mto uko pale, alisema, maporomoko yanasikika mpaka hapa. Tupa kila kitu, useme wameiba askari waliokimbia. Sefu alikataa. Sindano zile si zake. Vita vitakwisha, na mwindaji asiye na sindano atalisha watoto wake kwa nini? Basi wape, alisema Madina, wakaue tembo wao, wewe uishi. Sefu alikataa na hilo. Mle ndani ya kopo kulikuwa na neno la kila mwindaji aliyemwamini. Na leo ni tembo; kesho bunduki zilezile zitaelekezwa kwa karani mwingine mwenye tai.

“Sindano iko ya benyewe, tembo iko ya msitu,” Madina akasema. “Na weye? Weye iko ya nani?”

Sefu aliketi akiwa na kopo kati ya magoti yake, akazitazama sindano mpaka macho yakamwasha. Na kama ilivyo kwa mafundi, jibu lilimjia kwenye vidole kabla ya kufika kichwani.

Chuma kigumu kina adui mmoja mpole. Ukikitia motoni mpaka kiwe chekundu, kisha ukakizika katika jivu kipoe polepole, ugumu wote unatoka. Kwa macho ni kilekile. Kinaingia bundukini vizuri. Pengine kitagonga kartushi ya kwanza, hata ya pili, halafu ncha yake inasagika kama mshumaa na bunduki inakuwa bubu. Na uzuri wake ni huu: hakuna kilichopotea. Ukikitia tena motoni na kukizamisha katika mafuta ya mawese, ugumu unarudi.

Aliifanya kazi hiyo asubuhi iliyofuata, mlango ukiwa wazi, kwa sababu karakana iliyofungwa katika siku zile ilikuwa sawa na kukiri kosa. Aliwasha moto kama wa siku zote, akaweka baiskeli iliyopinduliwa mbele yake, na kila alipovuta kiriba alitia sindano chache kwenye makaa, akazitoa kwa koleo, akazizika jivuni, kila moja juu ya kitambaa chake kilichotandikwa ukingoni. Sindano ya Célestin aliitia ya mwisho. Akasita. Kisha akafikiri kwamba Célestin ataletwa kusikiliza tu, halafu atarudishwa Opala. Akaizika pamoja na nyingine.

Hapo akaingia yule mpiganaji wa jana, mwenye mkuki. Alikuwa peke yake, sigara mdomoni haijawashwa. Hakusalimu. Alichuchumaa mbele ya moto, akatazama vitambaa vilivyotandikwa, akauliza kama ndizo dawa za fundi. Sefu alisema ndizo alama za bunduki. Mpiganaji akaguna, akageuza mkuki wake, akaanza kuchokora jivu kwa mpini akitafuta kaa la kuwashia.

Mpini ulipita juu ya sindano mbili. Ncha ya mojawapo ilijitokeza, bado ina wekundu hafifu kama jicho la njiwa. Sefu aliinua kaa kubwa kwa koleo, akalipeleka mpaka kwenye sigara ya yule kijana, karibu kabisa na pua, hata kijana akalazimika kurudi nyuma.

“Doucement, muzee. Unataka kuniunguza?”

“Jivu inapoza kaa,” Sefu alisema. “Moto ya sigara iko huku.”

Kijana akavuta moshi, akatema mate jivuni. Mate yakachemka. Alitazama mahali pale kwa muda, akionekana kutaka kukumbuka kitu, kisha akanyanyuka na kutoka akilalamika kwamba chai ya Kapalata haina sukari. Sefu alibaki ameshika koleo hewani mpaka Madina alipokuja kulishusha.

Baada ya sala walikuja. Lambert alitangulia, kisha Célestin, kisha wapiganaji na gunia la bunduki. Célestin alikuwa amekonda, na shati lake lilikuwa la mtu mwingine. Aliketi kwenye kigoda chake, akashika mkono wa Sefu kwa mikono yake miwili, wala hapakuwa na utani kati yao.

Lambert alieleza kwamba kartushi ni chache, haruhusu hata moja ipotee kwa majaribio. Mwingine yeyote angejaribu. Lakini Lambert, pamoja na mapinduzi yake yote, alikuwa mtoto wa nyumba ya wawindaji; kwake sikio la mwenye bunduki lilikuwa ushahidi kuliko mlio wa bunduki yenyewe. “Tufanye kama siku zote,” alisema. “Papa asikilize.”

Sefu alifungua kitambaa chenye nywele ya fungo. Aliinua sindano juu ya fuawe. Aliomba Mungu amsamehe kwa jambo ambalo hakujua kama ni dhambi. Akaiachia.

Tu.

Mlio mzito, mfupi, kama tone la matope. Kwa masikio ya Sefu ulijaza karakana nzima. Célestin hakuinua macho. Alibaki ameinamisha kichwa, sikio la kulia likielekea fuawe, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba akingoja kumaliziwa sentensi. Mpiganaji mwenye mkuki alikuna mguu. Lambert alimtazama baba yake.

“Imeamuka,” Célestin alisema.

Akaokota sindano kwa mkono wake, akaigeuza mara moja kwenye mwanga, akampa Sefu aitie bundukini. Ikafuata nyingine, tu, na Célestin akasema imeamuka, na nyingine. Alisema neno lile kwa kila sindano bila kuharakisha, na Sefu alijua kwamba kila mara rafiki yake alikuwa akijiwekea kamba shingoni.

Ndipo Lambert, akifunga gunia, aliposema kwa fahari kwamba papa mwenyewe ndiye atakayetangulia kwenye uwanda. Nani mwingine anaujua? Yeye atapiga ya kwanza, wengine watamfuata.

Sefu alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hilo: kwamba bunduki aliyoiharibu itakuwa mikononi mwa Célestin, mbele ya tembo jike mwenye mtoto. Akasema upesi, upesi kupita kiasi, kwamba sindano ya Célestin ina kasoro ndogo, wampe saa moja tu airudishe motoni. Lambert akaacha kufunga gunia.

“Kasoro gani? Papa amesema imeamuka.”

Célestin alisimama. Aliweka mkono kwenye bega la Sefu na kulibonyeza kwa nguvu. “Acha, ndeko yangu, ndugu yangu. Miye nimesema imeamuka. Neno yangu hairudiwi.” Kisha, akiwa tayari mlangoni, akageuka na uso ambao ulikaribia kuwa ule wa zamani. “Uniachie mbinzo kidogo. Usimalize yote na ile Mungu yako.”

Lori lilivuka mto kwa kivuko mpaka Lubunga na kushika barabara ya Opala. Sefu alirudi kwenye baiskeli zake. Kila alipodondosha msumari alishtuka. Usiku hakulala, na mchana aliketi akitazama barabara inayotoka kivukoni. Madina hakumlaumu, alimpikia tu, akaondoa sahani zikiwa zimejaa. Sokoni mbinzo walipungua, wakabaki wale waliokaushwa, halafu mabeseni ya akina mama wa Yanonge yakarudi kuwa ya samaki. Msimu ulikuwa umekwisha. Hakuna mwindaji aliyekuja kukohoa mlangoni.

Lambert alikuja peke yake, wakati wa joto la mchana. Ukanda wa fungo haukuwapo kwenye paji lake la uso. Hakuvua viatu. Aliweka kitu kidogo juu ya fuawe, na Sefu hakuhitaji kuinama ili akijue: sindano, ncha yake imesagika, bapa kama kichwa cha kunguni.

Alisimulia akiwa amesimama. Papa aliwapeleka kwenye uwanda upande ambao upepo unawapelekea tembo harufu ya watu. Alitembea mbele, karibu mno, mpaka Lambert akataka kumwita. Alipiga, na bunduki ililia, lakini risasi ilipita juu kabisa ya vichwa, kwenye majani. Tembo waligeuka. Wengine wakapiga, bunduki mbili zilikohoa, zilizobaki zikanyamaza, na wapiganaji wakatupa kila kitu na kukimbia. Jike kubwa likaja. Papa akatia kartushi ya pili, akavuta, na bunduki ikasema ta. Hakukimbia. Alilaza bunduki chini na kusimama wima. Tembo yule alimpiga kwa mkonga kama mtu anayefagia njia, akamtupa kwenye magugu, kisha akalifuata kundi lake kwenye kinamasi.

Sefu alitaja jina la rafiki yake.

“Iko muzima,” Lambert alisema. “Nyonga imevunjika. Nilimubeba ku mugongo mpaka ku lori. Iko Opala, mama anamulisha.”

Kisha akauliza swali lililomleta kutoka Lomami. Aliliuliza kwa sauti ndogo, mkono ukiwa juu ya bastola aliyoivaa kiunoni.

“Papa alijua?”

Nje mtu alipita akiita wanunuzi wa kwanga, mikate ya muhogo. Sefu aliitazama mikono yake mikubwa. Akisema ndiyo, nyonga iliyovunjika itakuwa jambo dogo kuliko yote yatakayompata Célestin. Akisema hapana, kosa litabaki lake peke yake, hapa, sasa, na Madina yuko nyuma ya pazia.

“Hapana,” alisema. “Miye nilizitia mu jivu. Miye peke yangu. Papa yako masikio yake imezeeka. Nilimudanganya.”

Lambert aliiokota ile sindano kutoka kwenye fuawe. Aliiinua kwa vidole viwili, mpaka kimo cha kifua, na kuiachia.

Tu.

“Masikio ya papa,” alisema, “yanasikia mboloko akitafuna ng’ambo ya kijito.” Jasho lilimtiririka mashavuni, au labda halikuwa jasho. “Hata miye nilisikia, tonton. Siku ile. Ile ya kwanza. Nilisikia vizuri.”

Mkono wake uliondoka kwenye bastola. Alisema kwamba kule Kapalata amewaambia kartushi zilizotoka kwa mfanyabiashara mmoja zilikuwa zimelowa maji, na bunduki ni takataka, wamezitupa ghalani. Kisha akalivuta gunia lililokuwa mlangoni, ambalo Sefu hakuwa ameliona, na kulisukuma ndani kwa mguu. Bunduki moja tu ilikuwamo, ya baba yake. Sefu akamwita mutoto yangu, akamwambia aketi ale. Lambert alitikisa kichwa na kutoka kwenye jua.

Hakuonekana tena. Mwezi wa kumi na moja ndege zilikuja, wanajeshi wa kizungu wakashuka na miavuli, na nyuma yao jeshi la serikali likarudi, na waliouawa safari hii hawakuhesabiwa na mtu. Askari wa serikali nao walipita mtaani wakitafuta bunduki na fundi wa bunduki. Walimkuta mzee mfupi akinyoosha rimu ya baiskeli. Bunduki ya Célestin ilikuwa chini ya rundo la makaa baridi, na sindano yake jivuni.

Célestin alifika wakati mbinzo walipotokea tena, kwa fimbo, akiburuta mguu. Alikunywa maji, akauliza habari za Madina, akauliza kama mtu yeyote amemwona kijana wake. Hakuna aliyemwona. Akaegemeza fimbo yake kwenye fuawe. Kisha akasema anataka kuisikia sindano yake.

Sefu alichonga ncha upya, akaitia sindano motoni, akaizamisha katika mafuta ya mawese ikafuka moshi, akaipangusa. Akaidondosha juu ya fuawe. Ililia kwa sauti nyembamba, safi, iliyokaa hewani.

Célestin hakusema imeamuka. Aliichukua, akaifunga mwenyewe katika kitambaa pamoja na ile nywele ya fungo, akamrudishia rafiki yake.

“Weka,” alisema. “Mbinzo ndiyo kwanza inaingia.”